Mali leo, fedha lini?

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya karibu kila siku, lakini ni wachache wanaokaa chini na kulifikiri. Jambo hilo ni kulipa. Tunapokwenda dukani, tunalipaje? Wengine hutoa noti mfukoni, wengine huandika hundi, wengine hupitisha kadi ya benki kwenye mashine, na siku hizi walio wengi hubonyeza simu. Mtu anaweza kusema: "Fedha ni fedha, ilimradi imelipwa." La hasha. Ndani ya kila njia ya kulipa mna swali kubwa: kati ya muuzaji na mnunuzi, ni nani anayebeba mashaka, na ni nani anayesubiri?

Swali hili nilifundishwa na mabati.

Mwaka 1996, mwezi wa Novemba, nilichukua likizo Dar es Salaam nikaenda nyumbani Mkula. Kwa wasiopajua, Mkula iko kwenye barabara itokayo Lamadi kwenda Bariadi. Wakati ule tulihesabiwa katika wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Tangu mwaka 2012 tumekuwa wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Nilikwenda kwa shughuli moja tu, nayo ni kumwezekea mama nyumba. Mafundi walikwisha ondoa nyasi kuukuu, mbao zimepigiliwa, na mimi nikateremka Mwanza kununua mabati 40.

Nilikuwa na kitabu cha hundi. Ndugu msikilizaji, siku hizo kuwa na kitabu cha hundi kulimfanya mtu atembee kifua mbele. Nikaingia katika duka moja la vifaa vya ujenzi, nikachagua mabati, nikaandika hundi kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikaweka sahihi yenye mkia mrefu. Mwenye duka, mzee wa makamo, aliichukua, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, mwandiko wako mzuri sana. Basi mabati yako haya hapa, nitayatenga pembeni na kuyaandika jina lako. Fedha zikiingia, utayachukua."

Nikauliza, fedha zitaingia lini? Akajibu: "Akaunti yako iko Dar es Salaam. Hundi itasafiri, itafika, itatazamwa, halafu majibu yatasafiri kurudi. Mungu akipenda, wiki mbili."

Nilikasirika. Nilimwona mzee yule kama mtu aliyenitukana mbele ya wateja. Nikamwambia mimi ni mtumishi mwenye mshahara, si tapeli. Yeye hakubishana. Alifungua mtoto wa meza akatoa bunda la hundi zilizofungwa kwa mpira. Zote zilikuwa zimerudishwa na benki. Akanionyesha moja: mwandiko mzuri kama wangu, sahihi yenye mkia kama yangu. "Huyu," akasema, "alichukua saruji mifuko 60. Naye alikuwa mtumishi mwenye mshahara."

Siku zikapita 17. Katika siku hizo 17 mvua za vuli zilinyesha Mkula mara nne. Nyumba ya mama ilikuwa haina nyasi wala bati. Mama alilala kwa jirani, mahindi yake yakalowa, magunia mawili yakaota. Fedha nilikuwa nazo benki, mabati yalikuwepo dukani, na bado mama alinyeshewa. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: hakukuwa na njia ya mzee wa duka kujua, pale pale, kwamba fedha zangu zipo.

Basi hapo ndipo penye tofauti kati ya hundi na kadi.

Hundi ni nini? Ni barua. Mwenye akaunti anaiandikia benki yake: "Mlipe fulani kiasi hiki." Neno lenyewe tumelipokea kutoka India, ambako wafanyabiashara waliandikiana hundi kwa karne nyingi ili wasibebe fedha taslimu njiani, na wenzao wa Unguja waliitumia katika karne ya 19. Mfanyabiashara wa Kihindi hakuipokea hundi kwa sababu ya karatasi yenyewe. Aliipokea kwa sababu alimjua aliyeiandika, alimjua baba yake, na alijua kwamba mtu yule akivunja ahadi mara moja hatapata mtu wa kufanya naye biashara tena. Hundi iliishi kwa kujuana.

Mwingereza naye alikuja na hundi ya benki na sheria zake, na misingi ya sheria hizo tunayo hadi leo. Hundi ya kawaida hulipwa pale inapofikishwa benki. Ukiikata kwa mistari miwili sambamba, haiwezi kulipwa taslimu dirishani, sharti iingie katika akaunti. Ikikaa zaidi ya miezi 6, benki huiona imechakaa na huikataa. Na aliyeiandika anaweza kuiagiza benki isimamishe malipo kabla haijalipwa.

Lakini angalia jambo moja. Katika haya yote, muuzaji akikubali kutoa mali, mali inatoka leo na fedha inakuja kesho, au keshokutwa, au haiji. Hundi inaweza kurudi kwa sababu akaunti haina salio, au sahihi haifanani, au tarakimu haziafikiani na maneno. Mnunuzi amekwisha kwenda zake na saruji, naye muuzaji amebaki na karatasi. Ndiyo maana mzee wa Mwanza aliyafungia mabati yangu. Kwa kuwa hundi ilimtwika yeye mashaka, yeye naye akanitwika mimi kusubiri. Hakuna aliyekuwa mbaya kati yetu.

Wenzetu wa Ulaya walipata taabu hiyo hiyo. Waingereza, ili wenye maduka wasiogope hundi, walibuni kadi ya dhamana: mnunuzi aliandika hundi huku akionyesha kadi ya benki yake, na benki iliahidi kuilipa hundi hiyo, hadi kiwango fulani, hata kama mwandishi wake hana salio. Ilikuwa dawa nzuri, lakini bado mtu alisimama dukani akiandika huku foleni inakua nyuma yake. Mwaka 1987 benki ya Barclays ikaleta Uingereza kadi iliyoitwa Connect, ambayo ilichota fedha moja kwa moja katika akaunti ya mnunuzi. Polepole kadi za namna hiyo zikaipiku hundi madukani, na mwezi wa Juni mwaka 2011 ule mpango wa kadi ya dhamana ukafungwa kabisa.

Kadi inafanya kazi gani ambayo hundi haiwezi? Inauliza kwanza. Unapoiingiza kadi kwenye mashine na kubonyeza namba yako ya siri, mashine inapeleka swali benki: je, kadi hii ni halali, namba ya siri ni sahihi, na fedha zipo? Benki inajibu kwa sekunde chache. Ikijibu ndiyo, kiasi hicho kinashikwa katika akaunti yako pale pale, na muuzaji anapata ahadi ya benki badala ya ahadi yako wewe. Hahitaji kukujua wala kumjua baba yako. Mwandiko wako na nguo zako hazimhusu. Mtu aliyevaa kandambili na mtu aliyevaa suti wanajibiwa kwa kipimo kimoja, yaani salio.

Mwaka 1996 ningekuwa na kadi ya namna hiyo, na mzee yule angekuwa na mashine, mabati yangefika Mkula jioni ile ile.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, tusiisifu kadi kupita kiasi. Kadi nayo ina mizigo yake, na mingine imehamishiwa kwa mnunuzi bila yeye kujua.

Kwanza, kadi inategemea umeme na mtandao. Mtandao ukikatika katikati, yawezekana fedha zimetoka kwako lakini mashine ya muuzaji inasema malipo hayakukamilika. Hapo muuzaji hakupi mali, benki inakuambia usubiri fedha zirudishwe, na wewe umesimama na kikapu kitupu. Mimi yamenifika, nikarudishiwa baada ya siku kadhaa.

Pili, kadi haina kujuta. Hundi unaweza kuisimamisha kabla haijalipwa. Kadi, ukishabonyeza namba ya siri, fedha zimekwenda. Anayeijua namba yako ya siri na kuishika kadi yako, kwa mashine huyo ndiye wewe. Wapo ndugu zetu wanaoandika namba ya siri kwa kalamu nyuma ya kadi, au kumpa mhudumu wa baa kadi pamoja na namba, akalipe huko ndani. Huko ni kumkabidhi mtu ufunguo na kumwonyesha chumba.

Tatu, kadi si bure. Katika kila malipo, benki inamkata mwenye duka sehemu ya mauzo. Wapo wenye maduka wanaomeza gharama hiyo, na wapo wanaoirudisha kwa mnunuzi kwa kumwambia: "Ukilipa kwa kadi, bei inapanda." Uliza kabla ya kupitisha kadi, wala usione haya.

Na hundi bado ina mahali pake. Chama, shule au msikiti unaotaka watu wawili watie sahihi kabla fedha hazijatoka, unapata ulinzi katika hundi ambao kadi moja mfukoni mwa mweka hazina hauwezi kuutoa. Hundi inaacha ushahidi wa maandishi. Na tangu katikati ya miaka ya 2010 hundi zetu hazisafiri tena kwa basi na ndege kama ile yangu: benki hupelekeana picha ya hundi kwa kompyuta kupitia mfumo wa Benki Kuu, na kusubiri kumepungua sana.

Nchi nyingine zimeizika hundi kabisa. Afrika Kusini iliacha kuipokea mwisho wa mwaka 2020. Waingereza walitangaza mwaka 2009 kwamba wangeifuta ifikapo mwaka 2018, lakini wazee na vyama vya hisani wakapiga kelele, wakauliza: sisi tutalipaje? Mwaka 2011 mpango ukafutwa. Nadhani kuna busara katika kelele zile. Usimnyang'anye mzee fimbo kabla hujampa mkono wa kushika.

Sasa twende Mkula tena.

Baba yangu mdogo anaishi huko. Analima pamba, na ana kiduka cha sabuni, chumvi, mafuta ya taa na madaftari. Nilimtembelea mwishoni mwa mwaka 2019. Nikiwa mtu wa mjini, nikachukua sukari na biskuti za watoto, nikatoa kadi yangu ya benki kwa mzaha.

Baba mdogo akaitazama akacheka. "Mwanangu, hiyo hapa ni ya kukatia keki. Weka kwenye simu."

Nikalipa kwa simu. Wote tunajua habari hiyo: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Kwa watu wa Mkula, simu ndiyo iliyokuwa kadi ya benki kabla ya kadi ya benki kufika. Nayo inafanya kazi ile ile niliyoisifu: inauliza salio kwanza, inajibu papo hapo, na muuzaji anaona ujumbe kabla hujaondoka na sukari. Baba mdogo alisubiri simu yake ilie, akavaa miwani, akasoma kiasi na jina, ndipo akanisogezea mfuko. Hata mimi mwanawe!

Nikamsifu. Nikamwambia: "Baba, wewe ni hodari. Hakuna anayetoka na mali yako bila kulipa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaingia ndani akaleta bahasha. Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi, stakabadhi ya pamba. Kilo 640. Bei elekezi ya msimu ule ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, kwa hiyo ni shilingi 768,000. Pamba ilipimwa na kuchukuliwa mwezi wa Juni. Tulikuwa mwezi wa Desemba, naye alikuwa bado hajalipwa hata senti moja.

Wasikilizaji wa Kanda ya Ziwa wanaukumbuka msimu ule. Bei ya pamba katika soko la dunia ilishuka, wanunuzi wakasema hawana fedha za kulipa bei iliyotangazwa, na wakulima wengi wakakaa na karatasi kwa miezi. Serikali ilibidi iingilie kati. Sitaki leo kumhukumu mnunuzi yeyote. Nataka tuitazame ile karatasi.

Ile karatasi ni nini kama si hundi? Tena ni hundi mbaya kuliko yangu ya mwaka 1996. Yangu ilikuwa na jina la benki na tarehe, na ingerudishwa ningeweza kushitakiwa. Na mzee wa Mwanza alikuwa na uwezo ambao baba mdogo hakuwa nao: aliyafungia mabati mpaka fedha ziingie. Mkulima hawezi kuifungia pamba. Hana ghala, pamba yake ikilowa inaharibika, na jirani zake wote wanauza kwenye chama kile kile. Basi yeye, aliye dhaifu kuliko wote katika mnyororo huu, ndiye aliyetoa mali leo na kuambiwa fedha kesho.

Nikamuuliza: "Umeishije, baba?"

"Niliuza ng'ombe," akasema. Binti yake alikuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza Januari. Alihitaji godoro, sanduku, sare, viatu, nauli. Baba mdogo akamtoa dume mnadani. Alimtaka mnunuzi wa laki tano. Lakini wakulima wengi siku ile walikuwa na shida kama yake, na kila mmoja alileta ng'ombe. Akamwacha kwa laki tatu na nusu.

Ndugu msikilizaji, chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Alipoteza shilingi 150,000 kwa sababu alilazimika kuuza kwa haraka. Gawanya kwa shilingi 1,200, bei ya kilo moja ya pamba. Unapata kilo 125. Kusubiri kule kulimgharimu sawasawa na kama mtu angemwibia kilo 125 kwenye mizani. Mizani ilikuwa sahihi kabisa. Zilizomwibia ni siku.

Na hapa historia ina neno la kutuambia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda hii walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakadai wapimaji wao wenyewe, wakajenga vyama vyao, na mwaka 1955 wakaunda shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii. Wale wazee walielewa kwamba haki ya mkulima inaanza kwenye chombo cha kupimia. Walipigania mizani ya kilo. Mimi nasema sisi wa leo tuna deni la kupigania mizani ya siku.

Tazameni jinsi mambo yalivyokaa. Mjini, mtu anaponunua mkate, mashine inahakikisha kwamba mwenye duka amelipwa kabla mkate haujatoka mlangoni. Tumetumia akili nyingi, mitambo na sheria, ili mwenye duka kubwa asisubiri hata dakika moja. Tunayo sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2015. Tunao mfumo wa Benki Kuu uitwao TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu ili fedha zivuke papo hapo kutoka huku kwenda kule. Haya yote ni mema. Lakini kama fedha zinaweza kutoka kwangu hadi kwa mwenye duka la mkate kwa sekunde chache, kwa nini za pamba zisitoke kwa mnunuzi hadi kwenye simu ya mkulima siku ile ile mzigo unapopimwa? Chombo kipo. Kinachokosekana ni kanuni moja ambayo hata baba mdogo anaijua dukani kwake: usisogeze mfuko kabla simu haijalia.

Yuko atakayesema: "Bwana mtangazaji, mnunuzi wa pamba hana fedha mkononi, anakopa benki, anauza nje, ndipo alipe." Naam, naelewa. Lakini huko ni kusema kwamba mkulima ndiye anayemkopesha mnunuzi. Kama ni mkopo, basi na uitwe mkopo, uandikwe tarehe ya kulipwa, na uwe na riba. Benki hukopesha kwa riba. Mkulima anakopesha kwa karatasi na subira. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hapa harusi ni ya mmoja na matanga ni ya mwingine.

Jambo la pili ni gharama. Mwezi wa Julai mwaka 2021 ilipowekwa tozo ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, kilio kilisikika nchi nzima. Serikali ikapunguza asilimia 30 mwaka huo huo, na mwaka 2022 ikapunguza tena. Kilio kile kilikuwa na maana. Mtu wa mjini akikerwa na makato ya simu, ana kadi, ana benki karibu. Mtu wa kijijini hana mlango mwingine wa kupitia. Kwa hiyo kila tunapoweka mzigo juu ya njia ya kulipa, tuulize kwanza: ni nani asiye na njia nyingine? Huyo ndiye atakayeubeba.

Ndugu wasikilizaji, nisiwaache na malalamiko peke yake. Nina mambo machache ya kuwashauri.

Wewe mwenye kadi: namba yako ya siri ibaki kichwani. Soma kiasi kwenye mashine kabla ya kuithibitisha, na kama mashine haijaletwa mbele yako, ifuate ilipo. Chukua risiti. Malipo yakigoma, usikubali kurudia mara ya pili kabla hujatazama salio lako.

Wewe mwenye hundi: usiandike hundi ukitumaini kwamba mshahara utaingia kabla haijafika. Huko ni kumkopa mtu bila kumwambia. Na hundi inayokwenda kwa mtu, ipige mistari miwili, jaza nafasi zote, usiiache mtu aongeze sifuri.

Wewe mwenye duka: usitoe mali kwa hundi ya mtu usiyemjua, na usitoe mali kwa ujumbe wa simu ulioonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Ujumbe wa kweli unaingia kwenye simu yako wewe.

Nanyi viongozi wa vyama vya msingi: kabla ya gunia la kwanza kupakiwa, ulizeni kama mashine ya kadi inavyouliza. Fedha zipo? Jibu likiwa hapana, gunia libaki.

Nimalizie na habari za nyumbani. Baba mdogo alilipwa hatimaye. Binti yake alikwenda shule na godoro jipya. Na nyumba ya mama bado imesimama. Mabati yale yamepata kutu pembeni, lakini hayavuji. Kila ninapolala humo wakati wa mvua, nasikia matone yakipiga juu, nakumbuka siku zile 17. Mimi nilisubiri mara moja katika maisha yangu, nikakasirika mpaka leo naisimulia redioni. Baba mdogo amesubiri misimu mingapi, na hakuna aliyempa kipaza sauti?

Nawatakia wiki njema. Na ukienda dukani leo, lipa vizuri.